Pale Mchezo Usipokuuliza

Wazazi mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kutusikiliza, walimu wetu, vijana wenzangu wa Kondele, Manyatta na Nyalenda, na nyinyi mliopanda matatu kutoka Ahero na Maseno: hamjambo? Amosou uduto.

Nimealikwa hapa Kisumu niwaeleze jinsi ya kufungua miisho ya mchezo wa video wa Call of Duty: Black Ops II. Nitawaeleza bila kuficha kitu. Kwa hiyo anayetaka kuucheza bila kuambiwa mwisho atoke sasa hivi, akanywe soda, atatukuta tukimaliza. Wenye umri wa chini ya miaka 18 wako chumba cha pili na mwalimu wa kuchora, kwa sababu mchezo huu umewekewa alama ya watu wazima na alama hiyo inastahili. Damu ni nyingi, na watu wanateswa mbele ya macho yako. Wenzangu wenye kumbi za michezo, nawasihi tulishike hilo. Mtoto wa darasa la sita akija na shilingi zake, mpe mpira acheze.

Kwa wazazi wasioujua, niseme kwa kifupi. Mchezo ulitoka Novemba 13, 2012, kazi ya studio ya Treyarch ya Marekani. Ni wa kupiga risasi, unaona kila kitu kwa macho ya mpiganaji, lakini hadithi yake ni ya ujasusi. Inakwenda katika nyakati mbili. Upande mmoja ni miaka ya themanini, Vita Baridi vikiendelea, na maajenti wa CIA Alex Mason, Frank Woods na Jason Hudson. Upande wa pili ni mwaka wa 2025, ambao mchezo ulipotoka ulikuwa bado mbali, na mhusika mkuu ni David, mtoto wa Mason. Adui ni mmoja kote: Raul Menendez wa Nikaragua, mlanguzi wa silaha na dawa za kulevya, ambaye dada yake Josefina aliuawa na gruneti aliyoirusha Woods. Menendez hasahau. Anangoja miaka na miaka, anaunda vuguvugu linaloitwa Cordis Die, kisha anaigeuza mitambo ya Marekani yenyewe iwe silaha yake.

Ukumbi wangu uko Kondele. Wateja wengi hulipia mechi ya mpira: mnacheza, anayefungwa anampisha mwenzake, foleni inasonga. Hadithi ndefu haikubali foleni. Inataka mtu akae saa nyingi, na saa ni pesa. Basi tukapatana hivi: hadithi moja, mashine moja, faili moja, kila mmoja anaendeleza pale mwenzake alipoachia. Mchuuzi wa mitumba wa Kibuye anapitia asubuhi kabla soko halijachangamka, mwanafunzi wa chuo anashika pedi ya kuchezea adhuhuri, mhudumu wa boda boda anaingia jioni akiwa bado na jaketi lake la kung'aa. Kwa hiyo miisho tuliyoipata haikuwa ya mtu mmoja. Mmoja alichelewa kumfikia Chloe Lynch, mtaalamu wa kompyuta anayesakwa katika hadithi, Chloe akatekwa, na aliyekuja siku nyingine ndiye aliyebeba hasara. Kukawa na ugomvi: nani alimwacha Chloe? Ndipo nikanunua daftari la shule, nikasema kila anayemaliza hatua aandike alichoamua.

Wengi waliandika kwamba hawakuamua chochote. "Nilipiga risasi tu. Mchezo haukuniuliza."

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Michezo mingi inapotaka uamue hukusimamishia kila kitu, ikakuwekea maneno mawili kwenye skrini, ukachagua. Black Ops II hufanya hivyo mara chache. Mara nyingi uamuzi umefichwa ndani ya kazi ya kawaida ya kupiga na kukimbia. Mfano ni huyo huyo Chloe. Kwenye hatua inayoitwa Karma uko Colossus, mahali pa starehe panapoelea baharini huko Cayman, unamkimbiza DeFalco, mtu wa Menendez, anayemburuta Chloe. Katika mchezo mwingine ukishindwa ungerudishwa nyuma ujaribu tena. Hapa ukichelewa anaondoka naye, na hadithi inasonga mbele kana kwamba hilo ndilo lililopangwa. Zile hatua za Strike Force, ambapo unakiongoza kikosi kizima, ni vivyo hivyo: ukipoteza, umepoteza, dunia inaendelea. Mchezaji aliyezoea kungoja neno la kushindwa hajui kwamba kuna kitu kimemponyoka.

Sasa Panama. Desemba 1989 Marekani iliivamia Panama kumkamata mtawala wake, Manuel Noriega; hiyo ni historia. Ndani ya mchezo wewe ni Woods, uko juu ya jengo na bunduki ya mdunguzi. Sauti ya Hudson inakujia kwenye redio: yule anayeletwa, aliyefunikwa kichwa, ni Menendez. Mpige. Usichokijua ni kwamba Hudson anasema hayo akiwa mikononi mwa Menendez, pamoja na David, ambaye bado ni mtoto.

Jioni ile pedi ilikuwa kwa yule wa boda boda. Benchi lilikuwa limejaa, wengine wamesimama mlangoni wakilipa kwa kutazama tu. Kwenye darubini ya bunduki mtu anasogea akiyumba, kichwa kimezibwa. Ukumbi mzima ukaanza: "Kichwani! Mpe ya kichwa!" Akatoa ya kichwa. Aliyeanguka alikuwa Alex Mason, rafiki wa Woods, mtu ambaye sisi wenyewe tulikuwa tumetembea ndani ya viatu vyake tangu hatua ya kwanza. Kijana akaweka pedi gotini, akaniuliza: "Lakini si wameniambia nipige?" Kweli walimwambia apige. Hakuna aliyemwambia apige wapi.

Ukimlenga mguuni, sauti itakuhimiza upige tena. Mlenge mguuni tena. Mason anaokoka. Unakaa bila kumwona hadi 2025, hadi mwisho kabisa, pale anapoingia kwenye makao anamoishi Woods aliyezeeka na kumkuta mwanawe David. Kati ya vipande vyote vya mwisho, hicho ndicho ninachokipenda zaidi, na watu wengi hawajawahi kukiona kwa sababu ya risasi moja ambayo hawakujua ni swali.

Mtu ataniuliza, angejuaje? Dalili zipo. Adui uliyemsaka miaka mitatu unaletewa mbele ya bunduki yako bila jasho. Amefunikwa uso. Anayekuamuru ana haraka isiyo yake ya kawaida. Ajenti makini angejiuliza kwa nini yote hayo yanakutana mahali pamoja. Mimi nadhani waandishi waliitengeneza hatua hiyo wakijua kwamba sisi wachezaji tumezoea kutii alama iliyo katikati ya skrini.

Sasa ile orodha mliyoijia. Shikeni kalamu.

Chloe, jina lake la siri Karma, ndiye mtaalamu wa kompyuta anayeweza kukizima kirusi cha Menendez. Akikuponyoka pale Colossus, kuna hatua ya Strike Force inayokupa nafasi ya pili ya kumwokoa. Lakini kumwokoa hakutoshi. Baadaye, kwenye meli ya kubebea ndege za kivita iitwayo USS Barack Obama, Salazar wa kikosi chako mwenyewe anageuka msaliti na kutaka kumuua Chloe. Anayeweza kumkinga ni Farid peke yake. Na kama Farid atakuwa hai au la, hilo linaamuliwa mapema, Yemeni.

Farid ni mpelelezi aliyepandikizwa kati ya watu wa Menendez. Menendez anamletea Harper, rafiki mkubwa wa David, akiwa mateka, anampa Farid bastola na kumwambia amuue. Wakati huo wewe ndiye Farid. Ukimgeuzia Menendez bastola, Farid anauawa papo hapo, Harper anaishi, na Menendez hafi. Ukimpiga Harper, Farid anabaki na siri yake, anafika melini, anakufa akimkinga Chloe. Maana yake ni kwamba Chloe anapona kwa gharama ya Harper, kisha kwa gharama ya Farid mwenyewe.

Miongozo mingi inaandika jambo hili kwa mstari mmoja: mpige Harper. Sipendi hivyo. Kwenye daftari letu karibu kila aliyefika hapo bila kuambiwa alijaribu kumpiga Menendez. Mchuuzi wetu wa Kibuye aliandika kwa herufi kubwa, "SIWEZI KUMUUA RAFIKI." Akampoteza Farid, halafu Chloe, halafu mwisho mzuri wote. Namheshimu kwa hilo kuliko anayempiga Harper kwa sababu ameona orodha. Ukicheza mara ya kwanza, fuata moyo wako, upokee mwisho utakaoupata. Orodha ni ya mara ya pili.

Briggs, kamanda wa meli: hapo unacheza kama Menendez, na unaweza kumuua au kumjeruhi. Mjeruhi. Hatua za Strike Force uzishinde, ndipo Wachina wanageuka washirika na droni zao zinakuja kuisaidia meli. Wakikosekana, au Briggs akiwa maiti, usitegemee meli ipone.

Kisha Haiti. Menendez yuko chini, David amemshika, na Menendez mwenyewe anataka auawe. Ukimuua, kanda aliyoiacha inasambaa, wafuasi wake wanaamka kila mahali, Ikulu ya Marekani inavamiwa na kuchomwa. Ukimkamata na Chloe yuko hai, kirusi kinazimwa, Menendez anakaa gerezani akimwona Chloe kwenye televisheni. Ukimkamata na Chloe amekufa, kirusi kinamfungulia milango ya gereza. Anakwenda hadi kwa Woods anamuua, kisha anakwenda kwenye kaburi la Josefina na kujichoma moto. Huo wa mwisho unatisha kuliko yote. Unatokea kwa mchezaji aliyefanya la haki Haiti lakini aliyekosea njiani zamani, pengine mikononi mwa mtu mwingine kabisa, kama ilivyokuwa kwetu.

Kuhusu kurudi nyuma: mchezo hukuruhusu kurudisha hadithi kwenye hatua uliyokwisha kuimaliza, lakini kila ulichoamua baada ya hatua hiyo kinafutika. Ukitaka kumwokoa Mason na umeshafika Haiti, jiandae kutembea upya tangu Panama. Kwenye mashine inayotumiwa na wengi, uliza kwanza. Kuna vijana waliacha kusalimiana kwa sababu hiyo.

Nyinyi mnaojifunza kuandika programu, niwape hesabu. Tuchukue mambo sita: Mason hai au mfu, Chloe hai au mfu, Farid au Harper, Briggs, Wachina, Menendez. Kila jambo lina njia mbili. Mbili mara mbili mara mbili, hadi mbili zitimie sita, ni 64. Je, studio ilitengeneza filamu 64 za mwisho? Haiwezekani, hakuna bajeti ya kufanya hivyo. Walichofanya ni kutengeneza vipande. Kipande cha Mason kukutana na mwanawe kinatazama alama moja tu: yuko hai? Kipande cha gerezani kinatazama alama mbili. Mashine inaviunganisha, wewe unauona mwisho mmoja uliokamilika. Ndiyo maana watu hubishana kama miisho ni minne au ni zaidi. Inategemea unahesabu vipande au unahesabu mpangilio. Mkitaka kutengeneza mchezo hapa Kisumu kwa laptopu moja ya kuazima, anzeni na vipande. Msianze na matawi, matawi yatawameza.

Kwa kulinganisha tu, Black Ops Cold War ya 2020, hadithi ya mwaka wa 1981, huuliza waziwazi. Russell Adler, ajenti wa CIA, anakutaka useme Perseus, jasusi wa Kisovieti anayesakwa, yuko wapi. Ukisema kweli mnakwenda Solovetsky, miji ya Ulaya inaokolewa, halafu Adler huyo huyo anakutoa kando, juu ya bahari, na kukugeuzia bastola. Ukidanganya mnakwenda Duga, na huko unaweza kuwasaliti wenzako. Umeulizwa, umejibu. Ni mchezo mzuri, tena una mafumbo ya ushahidi ambayo majibu yake hubadilika, hivyo daftari la jirani halikusaidii. Lakini haukunikosesha usingizi kama ile risasi ya Panama.

Sasa naja kwa jambo ambalo sikuombwa kulisema, nanyi mtanivumilia.

Tulipozoea kutafuta maamuzi yaliyofichwa, tulirudi mwanzo kabisa, hatua kwa hatua, tukiuliza swali moja: hapa ningeweza kufanya nini kingine? Na mchezo huu unaanzia Afrika. Ni Angola, Julai 1986. Unapigana upande wa waasi wa UNITA, bega kwa bega na kiongozi wao Jonas Savimbi, aliyesimama juu ya gari la kijeshi akiwapigia wapiganaji kelele za kuwatia moyo. Savimbi hakubuniwa na Treyarch. Alizaliwa 1934, akaanzisha UNITA 1966. Angola ilipopata uhuru 1975 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikashika, Marekani na serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini zikimsaidia yeye, Kuba na Muungano wa Kisovieti zikiwasaidia MPLA, chama kilichoshika serikali. Januari 1986, miezi sita tu kabla ya tarehe ya hadithi yetu, Savimbi wa kweli alipokewa na Ronald Reagan huko Washington. Aliuawa vitani Februari 22, 2002, na Aprili mwaka huo makubaliano ya kusimamisha vita yakatiwa saini. Miaka 27 ya vita.

Katika mchezo, uwanja ule umejaa Waafrika wanaokimbia na kufa pande zote mbili. Unawapita, unafika mtoni, unamtoa Woods ndani ya kontena iliyojaa maiti, unaondoka. Ukipiga wengi, ukipiga wachache, ukimlinda Savimbi au ukimwacha ajilinde, hakuna alama yoyote inayowekwa. Ukishatoka Angola humwoni tena. Katika mipangilio yote ile hakuna kipande hata kimoja kinachotuambia Angola ikawaje. Kwenye daftari letu ukurasa wa hatua hiyo ni mtupu, si kwa uvivu wa vijana wangu. Walijaribu kila kitu.

Waliokuwa na jina walijaribu kujibu. Noriega, akiwa kifungoni Panama, aliishtaki kampuni ya Activision, iliyoutoa mchezo huu, huko California mwaka wa 2014 kwa kutumia sura na jina lake. Kesi ikatupwa mwaka huo huo. Mwaka wa 2016 watoto watatu wa Savimbi walikwenda mahakamani Nanterre, Ufaransa, wakidai euro milioni moja, wakisema baba yao amechorwa kama katili tu. Nao hawakufaulu. Sisemi Savimbi alikuwa malaika. Waliokanyaga mabomu ya ardhini Angola wana haki ya kusema zaidi yangu. Nasema kwamba mwandishi alikuwa na uwezo wa kugawa miisho, akampa Mason, akampa Chloe, akampa hata Menendez kaburi la kufia. Kwa Angola hakuona haja.

Nililisema hili ukumbini, mwanafunzi mmoja akanijibu: basi tutengeneze wetu. Nimekuja na pendekezo, tena la hapa hapa.

Juni 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli ziliondoka bandarini hapa Kisumu zikiwa na wanajeshi wa Uingereza, zikavuka ziwa kwenda Bukoba, iliyokuwa chini ya Wajerumani. Walichokifuata ni kituo cha redio, mnara uliokuwa ukipokea na kutuma habari. Walipigana, wakauteka mji, wakaubomoa mnara, na mji ukaporwa. Kisha wakarudi. Mwaka uliotangulia, Septemba 1914, Wajerumani walikuwa wamefika Kisii na kupigana hapo. Ujasusi, redio, ziwa usiku, meli: hadithi iko tayari. Lakini ukiiandika kwa macho ya afisa wa Kiingereza, utaishia na mnara ulioanguka na pongezi.

Kwa hiyo nimewagawa katika makundi matatu kabla ya chakula cha mchana. Kundi la kwanza liandike kijana anayelisha tanuru la meli. Amesikia safari inakwenda wapi, na ana shemeji yake ng'ambo ya ziwa. Kundi la pili liandike mama mwenye duka Bukoba siku ile ya uporaji. Kundi la tatu liandike Mwafrika anayefanya kazi ndani ya kituo cha redio, anayeona meli kabla ya wengine kuziona. Kila kundi litafute jambo moja ambalo mhusika wenu analiamua bila kuulizwa na skrini, na vipande viwili vya mwisho vinavyotokana nalo. Viwili tu. Msiniletee 64.

Madaftari yako kwenye meza ya nyuma, kalamu pia. Na kwa wale waliokuja kuona kwa macho yao, mashine imeshawashwa, faili iko kwenye hatua ya Panama. Nani anashika pedi?